Utepe Ulio Chini ya Usukani

Miongoni mwa vipuri vinavyofichwa na usukani wa gari la siku hizi, kimoja ambacho wenye magari wengi hawajapata kukiona kwa macho ni kile ambacho mafundi hukiita kloki springi, yaani springi ya saa, nacho ni boksi bapa la plastiki, la mviringo, lenye upana unaokaribia kisahani cha kikombe cha chai, lililopitishiwa shafti ya usukani katikati na kufungwa juu ya swichi za indiketa na waipa. Kazi yake ni kuvusha umeme kutoka upande wa gari uliosimama kwenda upande unaozunguka, na kuuvusha bila kukatika hata kwa nukta moja, dereva akikata kona, akirudi nyuma au akiegesha. Kifaa hiki kikifa, gari huendelea kuwaka, kukimbia na kusimama kama kawaida, na hiyo ndiyo sababu ubovu wake hupuuzwa kwa urahisi kuliko ubovu wa breki au wa betri, ingawa siku ya ajali uhai wa dereva unaweza kukitegemea.

Katika magari ya zamani kazi hiyo ilikuwa ndogo, kwa kuwa kitu pekee cha umeme kilichokaa juu ya usukani kilikuwa kitufe cha honi, na honi ilitosheka na pete ya shaba iliyosuguliwa na kidole cha chuma chenye springi; pete ilipochafuka au kidole kilipochakaa, honi ilikataa kidogo, dereva akabonyeza tena, na safari ikaendelea. Hali ilibadilika pale mfuko wa hewa, ambao gereji huuita eabegi, ulipowekwa katikati ya usukani. Wazo la mfuko huo lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, maana mhandisi wa Marekani aitwaye John Hetrick alipewa hataza ya mfuko wa aina hiyo mwaka 1953, lakini ulianza kuzoeleka baada ya Mercedes-Benz kuuweka katika magari yake makubwa mwaka 1981, na ilipofika miaka ya mwisho ya 1990 sheria ya Marekani ilikuwa imeulazimisha katika magari madogo yote mapya, upande wa dereva na upande wa abiria wa mbele. Mfuko huo hujaa katika muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde, baada ya mkondo mdogo wa umeme kufika kwenye kiwashio chake, kemikali zilizo ndani yake zikaungua na kuzalisha gesi. Honi ikikataa, hubonyezwa tena. Mfuko wa hewa hauna mara ya pili, na ndiyo maana pete na kidole cha kusuguana havikufaa tena.

Ndani ya boksi la kloki springi, kwa hiyo, mna utepe mrefu na mwembamba, uliotengenezwa kwa nyuzi bapa za shaba zilizobanwa kati ya tabaka mbili za plastiki laini, nao umezungushwa duara juu ya duara kama ukili ambao msusi wa mikeka ameukunja akisubiri kuushona. Ncha moja ya utepe imeshikwa na nusu ya boksi isiyotembea, ncha ya pili imeshikwa na nusu inayozunguka pamoja na usukani, hivyo usukani ukizungushwa upande mmoja ukili hulegea na kufunguka, ukizungushwa upande wa pili hujikunja na kukaza, na umeme hupita muda wote bila shaba kusuguana na kitu chochote. Jina la springi ya saa limetokana na kufanana kwake na ile springi bapa ya saa za kutia ufunguo, lakini ni jina linalopotosha, kwa sababu springi ya saa hutunza nguvu na kuirudisha, ilhali utepe huu hauna nguvu yoyote ya kuurudisha usukani katikati. Mwandishi wa kumbukumbu hizi amewahi kumsikia fundi mzoefu akimweleza mteja kwamba usukani wake umekuwa mzito kwa kuwa springi hiyo imechoka, maelezo ambayo yalizaliwa na jina tupu. Vitabu vya ufundi vya Toyota hutumia jina lenye maana ya kebo ya mzingo, na hilo linasema ukweli zaidi.

Jambo la kushika kuliko yote kuhusu utepe huu ni kwamba una mwisho. Katika Toyota nyingi, ukiwa umewekwa katikati, unaweza kuzunguka takriban mara mbili na nusu kwenda kila upande kabla haujakaza na kugota. Usukani wenyewe, ukiwa umeungwa na magurudumu, kwa kawaida huzunguka mara moja na nusu au kupita kidogo kila upande, kwa hiyo utepe uliokaa katikati hubaki na akiba ya mzunguko mmoja hivi ambao hautumiki kamwe. Akiba hiyo ndiyo uhai wake. Utepe ukiwekwa mzunguko mmoja au zaidi nje ya kati, usukani utaonekana umenyooka, gari litakwenda sawasawa barabarani, hakuna taa itakayowaka, mpaka siku dereva atakapoukata usukani hadi mwisho kuelekea upande ulioishiwa.

Gari linalohusika katika kumbukumbu hizi lilikuwa Toyota Corolla ya mwaka 2004, lililoletwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika huko kama yalivyo magari mengi ya Dar es Salaam, na ugonjwa wake wa kwanza haukuwa wa umeme. Stelingi raki, yaani mtaimbo wenye meno ulio chini ya injini unaogeuza mzunguko wa usukani kuwa mwendo wa kulia na kushoto wa magurudumu, ilikuwa imepata mchezo, gari likagonga likipita kwenye mashimo, na mwandishi akalipeleka gereji kubadilishiwa. Kuitoa raki hulazimu kufungua kiungo kinachoishikanisha na shafti ya usukani, na kiungo hicho kikishafunguliwa usukani hubaki hauna kitu cha kuuzuia. Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi aliketi kwenye kiti cha dereva, akaushika usukani kwa kiganja kimoja na kuuzungusha mzunguko mmoja mzima, akisikiliza kama una mlio, kwa moyo mweupe wa mtu anayetaka kujua kazi yake. Mwandishi alikuwa amesimama kando ya mlango uliokuwa wazi, akaona, wala hakusema neno, kwa sababu hakuwa na habari kwamba kuna kitu cha kusema. Raki ilifungwa, usukani ukanyooshwa kwa macho, gari likapelekwa kufanyiwa alaimenti, yaani kupangwa kwa pembe za magurudumu, likaondoka likiwa halina kelele hata moja.

Siku ya tatu jioni, katika uchochoro wa Magomeni ambamo gari haligeuki bila kuukata usukani hadi mwisho na kurudi nyuma mara mbili au tatu, kulisikika chini ya mikono mlio mfupi, mkavu, kama wa karatasi ngumu inayochanwa. Haukujirudia. Usukani haukukaza, gari likatoka uchochoroni, na ilikuwa kwenye barabara kubwa, mbele ya bodaboda iliyokatiza ghafla, ndipo ilipobainika kwamba honi haipo. Wakati huohuo kwenye dashibodi ilikuwa inawaka taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyeketi, mbele ya kifua chake mna mduara kama mpira. Taa hiyo ni ya mfumo ambao kwa kirefu hujulikana kama mfumo wa ziada wa kumzuia mtu asirushwe, na neno ziada humo lina uzito wake, kwa maana mfuko wa hewa umebuniwa kusaidiana na mkanda wa kiti, haukubuniwa kushika nafasi yake. Dereva akiwasha swichi, kompyuta ya mfumo huo hujipima na kupima nyaya zake. Katika Toyota taa huwaka kwa sekunde 6 hivi kisha huzimika yenyewe kama kila kitu ni kizima. Ikibaki inawaka, kompyuta imegundua kasoro, na mfuko usitegemewe kabisa kufunguka siku ya ajali.

Wiki mbili zilipita kabla kazi haijafanyika, na katika wiki hizo mwandishi alipata ushauri kutoka kwa watu wanne, watatu kati yao wakiwa mafundi, ambao wote walikubaliana juu ya jambo moja kwamba shida ilikuwa taa. "Mzee, hii taa naizima sasa hivi, haitakusumbua tena," alisema wa kwanza, akiwa tayari ameshika bisibisi. Njia alizotaja zinafahamika katika gereji nyingi. Ya kwanza ni kuifungua dashibodi na kuing'oa balbu, au kuiunganisha na balbu nyingine ili ziwake na kuzimika pamoja. Ya pili ni ya ujuzi zaidi na kwa sababu hiyo ina hatari zaidi: kwenye waya wa mfuko wa hewa huchomekwa kizuizi cha umeme, kipande kidogo kama punje ya mchele chenye ukinzani wa omu mbili au tatu, ambao unakaribiana na ule wa kiwashio halisi, na kompyuta ikipima inakuta kipimo inachokitarajia, inaridhika, inaizima taa. Kuanzia hapo gari linasema uongo kwa ufasaha kabisa. Taa inawaka sekunde 6 na kuzimika kama inavyotakiwa, na mtu anayelinunua mwaka unaofuata hana alama yoyote ya kumwonya kwamba katikati ya usukani wake mmekaa mfuko usiounganishwa na kitu.

Ni lazima ielezwe wazi kwamba mafundi hao hawakuwa watu wabaya, na mmoja wao ndiye baadaye aliyeonyesha mahali pa kupata kipuri. Wanafanya kazi kwa wateja wanaolipia kile wanachokisikia na kukiona, na mteja anayeona taa hulipia taa kuzimika. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kuacha kitu kibovu kikiwa kinaonekana kibovu na kukipaka uzima usio wake, kwa kuwa kosa la kwanza humhusu mwenye gari peke yake, la pili huuzwa pamoja na gari. Mwandishi aliwahi kushawishika kwa muda wa siku moja hivi, kwa sababu bei ya kizuizi ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na bei ya kipuri, na kilichomrudisha nyuma ni kukumbuka kwamba gari hilo lilikuwa likiendeshwa pia na mkewe, ambaye asingeambiwa.

Kutafuta kipuri kulimpeleka Gerezani, pembeni mwa Kariakoo, ambako maduka ya spea yamepangana mlango kwa mlango na ambako spea za mtumba, yaani zile zilizofunguliwa kutoka kwenye magari yaliyochinjwa, huning'inia juu ya vichwa vya wateja. Hapo lilijitokeza jambo ambalo lingeweza kurudisha hasara yote mwanzo. Muuzaji wa kwanza alitoa kloki springi ya mtumba kutoka kwenye kasha, akaingiza kidole katikati na kuizungusha kwa kasi mbele na nyuma ili kuonyesha kwamba ni laini na haijakwama, akiamini kwamba huo ndio uthibitisho wa ubora. Kwa kidole hichohicho alikuwa ameipoteza kati yake, na kama aliifikisha mwisho kwa nguvu, huenda pia aliijeruhi. Kloki springi mpya hutoka kiwandani ikiwa imefungwa katikati kwa pini au utepe wa gundi ambao hautolewi mpaka kifaa kiwe kimeshakaa mahali pake, nacho cha mtumba kikitolewa kwa uangalifu hufungwa vivyo hivyo. Kilichofika dukani kikiwa huru kinaweza kutumika baada ya kutafutiwa kati upya, lakini mnunuzi hajui kimevutwa mara ngapi.

Tatizo la pili lilikuwa la soketi. Corolla za mwaka mmoja na umbo moja hutofautiana, kwa kuwa lenye vitufe vya redio kwenye usukani lina nyaya zaidi ndani ya utepe kuliko lisilo navyo, na boksi mbili zinazofanana kwa umbo kama mapacha hukataa kuingiliana na soketi za gari. Ilibidi kipuri cha zamani kitolewe kwanza, namba iliyochapishwa mgongoni mwake isomwe, kirudishwe mahali pake, ndipo kipya chenye namba hiyohiyo kiagizwe kwa bei iliyozidi mara kadhaa ile ya mtumba. Anayetaka kukwepa safari mbili za Gerezani na afanye hivyo tangu mwanzo.

Kazi yenyewe ilifanywa asubuhi ya Jumamosi, chini ya mwembe wa gereji ndogo ya Ilala, na fundi mtu mzima ambaye mwandishi alimchagua kwa sababu moja tu, kwamba alipoelezwa tatizo aliuliza kwanza kama raki imewahi kufunguliwa. Alianza kwa kuyanyoosha magurudumu ya mbele, akazima swichi, akafungua waya hasi wa betri, kisha akakaa chini na kuagiza chai. Kukaa huko kulikuwa sehemu ya kazi. Kompyuta ya mifuko ya hewa ina hifadhi ndogo ya umeme inayoiwezesha kuufungua mfuko hata kama betri imepondwa katika ajali, na Toyota hutaka ipite angalau dakika moja na nusu baada ya betri kufunguliwa kabla ya mtu kugusa chochote. Fundi huyu alingoja robo saa, akasema dakika hazimgharimu kitu. Baada ya hapo alizungushia bisibisi ya nyota, ile yenye ncha ya pembe sita, kwenye skrubu mbili zilizofichwa ubavuni mwa usukani, moja kila upande, na mfuko wa hewa ukajitokeza polepole kama droo. Nyuma yake palikuwa na soketi ya njano, rangi inayotumika kwa nyaya za mifuko ya hewa ili kila anayezigusa ajue amegusa nini, na ndani ya soketi hiyo mna kibanzi cha chuma ambacho, soketi ikichomolewa, huziunganisha ncha mbili za kiwashio ili umeme wa kupotea, kama ule unaoruka kutoka kwenye nguo kavu, usiweze kukilipua.

Aliubeba mfuko huo ukiwa umeelekea mbali na kifua chake na kuulaza juu ya meza peke yake, uso wa usukani ukitazama juu. Ukilazwa kifudifudi na kwa bahati mbaya ukafunguka, hurushwa hewani kama kombora. Ukitazama juu, nguvu yake huishia angani. Kijana mmoja aliyekuwa hapo alitaka kuupima kwa mita ili kujua kama mfuko wenyewe ni mzima, na fundi akamkamata mkono kabla hajafika, kwa sababu mita ya kupimia ukinzani hupitisha mkondo wake yenyewe, na mkondo huo, hata uwe mdogo namna gani, hauna ruhusa ya kupita katika kiwashio. Kinachopimwa ni kloki springi ikiwa imetolewa, kutoka soketi hadi soketi, huku ikizungushwa taratibu.

Usukani ulishikwa na nati moja ya soketi namba 19. Fundi alitia alama ya rangi nyeupe kwenye shafti na kwenye usukani, mstari mmoja uliovuka vyote viwili, ili virudi katika jino lilelile, akailegeza nati lakini hakuitoa yote, akaiacha imeshika nyuzi chache, ndipo alipoanza kuuvuta usukani kwa kuutikisa kushoto na kulia. Nati hiyo iliyobakizwa ndiyo huzuia usukani usimrukie mtu usoni unapoachia ghafla. Nyundo haikuguswa, kwa maana shafti ya usukani imetengenezwa ijikunje wakati wa ajali, na kuigonga kwa mbele ni kuiharibu mahali pasipoonekana. Usukani unaokataa huvutwa kwa kifaa maalumu cha kuvutia.

Boksi la zamani lilipofunguliwa juu ya kipande cha gazeti, utepe ulimwagika wenyewe. Ulikuwa umekatika karibu na ncha ya ndani, pale unapopinda kuingia kwenye kishikizi chake, na kwenye mkato nyuzi za shaba zilionekana zikiwa zimechomoza kutoka kwenye plastiki kama nywele, bado zinang'aa. Hapakuwa na kutu, hapakuwa na kuchakaa. Ulikuwa utepe mzima uliovutwa kupita urefu wake na mikono ya mwenye gari mwenyewe katika uchochoro wa Magomeni, baada ya kijana asiyekuwa na mwalimu wa kumwambia kuupunguzia urefu siku tatu kabla.

Kipuri kipya kilikuwa na pini yake, na kwa haki kingeweza kufungwa moja kwa moja, lakini fundi alitaka wote waliokuwepo waone jinsi kati inavyotafutwa, kwa kuwa wengi wao hufunga vipuri vya mtumba visivyo na pini. Alichukua kimoja cha mtumba kilichokuwa gerejini kwake, akakizungusha kinyume cha mshale wa saa kwa vidole viwili, bila nguvu, mpaka kilipoanza kukaza. Kisha akampa mwandishi. "Hesabu kwa sauti, mzee, na sisi tunasikiliza." Mwandishi alizungusha kufuata mshale wa saa na kuhesabu, moja, mbili, na nusu, na kwenye ile nusu alama mbili ndogo nyekundu, moja kwenye sehemu inayozunguka na nyingine kwenye sehemu iliyosimama, zilikutana uso kwa uso. Watu wazima watano walikuwa wameinama juu ya kiplastiki hicho chini ya mwembe. Magari hutofautiana katika idadi hiyo, mengine hutaka mizunguko mitatu, na kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho. Lakini kanuni haitofautiani, kwamba hutafutwa mwisho mmoja kwa upole, ndipo hurudiwa nusu ya safari.

Sehemu iliyobaki ilikwenda upesi, kwa sababu kufunga ni kurudi katika nyayo za kufungua. Boksi lilikaa, pini ikatolewa, usukani ukarudi kwenye mstari mweupe, nati ikakazwa kwa spana ya kupimia nguvu hadi nyutoni mita 50, kipimo kinachotumika katika Toyota nyingi, na mfuko wa hewa ukasukumwa mahali pake. Betri ilipounganishwa hakuna aliyekuwa amekaa mbele ya usukani. Fundi aliipitisha mikono dirishani na kuwasha swichi akiwa amesimama nje. Taa nyekundu iliwaka. Kwa muda wa sekunde 6 hakuna aliyezungumza. Ikazimika, na kijana aliyetaka kupima kwa mita akapiga honi ndefu mno, hakuna aliyemkataza. Ifahamike pia kwamba katika magari yenye mfumo wa kudhibiti kuteleza, kifaa kinachosoma pembe ya usukani mara nyingi huwa kimeungwa na kloki springi, na baada ya kubadilisha ni lazima kipangwe upya kwa mashine.

Kutokana na tukio hilo mwandishi alianza kuuliza kila fundi aliyekutana naye jambo moja: usukani hufungwaje kinapofunguliwa kiungo cha raki? Jibu sahihi halihitaji kifaa chochote cha kununua. Mkanda wa kiti cha dereva huvutwa, hupitishwa ndani ya usukani, hukazwa na kufungwa kwenye kishikio chake, na usukani hauendi popote. Au ufunguo hutolewa, usukani ukajifunga kwa kufuli lake. Ni kazi ya nusu dakika. Wapo waliojibu bila kufikiri, na wapo waliotazama pembeni, na haikuwa umri wala ukubwa wa gereji uliowatenganisha, ilikuwa kama aliyewafundisha alijua. Ujuzi wa gereji zetu hurithiwa kwa kutazama, kijana akimwangalia fundi wake miaka mitatu au minne, na mtindo huo umetoa mafundi hodari wasio na mfano, lakini kwa kutazama mtu hurithi kile tu kinachofanyika mbele yake. Mafundi waliojifunzia magari ambayo usukani wake ulibeba honi peke yake hawakuwa na sababu ya kuufunga, wala hawakuwa na sababu ya kuwafunza wengine kuufunga.

Lingekuwa kosa, hata hivyo, kuwatwika mafundi lawama yote. Mwezi Aprili 2014 Toyota ilitangaza kuyaita kwa marekebisho magari yapatayo milioni 6.4 duniani kwa kasoro mbalimbali, na zaidi ya nusu yake, takriban milioni 3.5, yaliitwa kwa sababu ya kebo hii ya usukani, ambayo ilionekana kuwa ingeweza kuharibika kwa kuzungushwa kwa kawaida, na mfuko wa hewa wa dereva ukashindwa kufunguka. RAV4, Hilux na Yaris zilikuwemo, na hayo si magari ya kigeni kwa msomaji wa Mombasa wala wa Mwanza. Wito wa namna hiyo humfikia mmiliki aliyesajiliwa katika nchi ambayo gari liliuzwa likiwa jipya. Gari likishavuka bahari na kusajiliwa upya, barua humtafuta mtu aliyekwisha kuliuza. Kenya huzuia uingizaji wa magari yaliyozidi umri wa miaka 8, Tanzania huyatoza magari ya zamani kodi ya ziada, lakini umri wa gari hausemi lolote kuhusu kama liliwahi kuitwa na kama liliitikia. Namba ya chesisi ndiyo husema, na anayenunua gari kutoka Japani ana haki ya kumtaka muuzaji aithibitishe kwa mtengenezaji kabla hajalipa.

Kwa anayenunua gari lililokwisha kutumika hapahapa nyumbani, kuna kipimo ambacho mwanzo wake hauhitaji fundi wala fedha. Kabla ya kuwasha injini, zungusha ufunguo hadi taa zote za dashibodi ziwake, uitazame ile nyekundu yenye picha ya mtu aliyeketi. Ikiwaka ikabaki, kuna kasoro ya kutengenezwa, na bei ijadiliwe ikijulikana. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeing'oa, na muuzaji aulizwe ni nani na kwa nini. Ikiwaka na kuzimika, usiishie hapo, kwa maana kizuizi nacho huizima hivyohivyo: kata usukani taratibu hadi mwisho kila upande, ukibonyeza honi njia nzima, na umwombe fundi unayemwamini afungue kifuniko cha chini ya usukani, aufuate waya wa njano kwa macho hadi unapoingia kwenye boksi.